Jina lako la Kizungu ni la kazi gani? Namna ya kulifuatilia ukiwa Mombasa

Andika "Cooper" kwenye simu na papo hapo utaambiwa ni fundi wa mapipa. Wengi huishia hapo. Wanapiga picha ya skrini, wanairusha kwenye grupu ya ukoo, mashangazi wanaweka makofi, basi. Kwangu hapo kazi haijaanza. Maana ya jina ndicho kitu rahisi kuliko vyote kupata, na ukikitanguliza ndicho kitakachokupoteza. Cooper wa Kisauni na Cooper wa Bristol wanaweza kuwa hawana hata tone moja la damu ya pamoja, na yule fundi mapipa wa zamani asiwe babu wa yeyote kati yao. Kwa hiyo fanya kinyumenyume: shika karatasi iliyo karibu nawe, rudi nyuma mtu mmoja baada ya mwingine, na maana iwe ya mwisho.

Nasema haya kwa sababu nina saiba Kengeleni na riziki yangu ni PIN za KRA, fomu za eCitizen na barua za kuomba basari, lakini hii ni Frere Town. Tangu 1875 hapa paliishi watu waliotolewa utumwani, wakabatizwa na kupewa majina ya Kizungu, na vitukuu vyao tungali tunapanda nao matatu. Hapakosi mtu wa kuvuta kiti, kuweka kitambulisho mezani na kuniambia, "Anti, hebu nitafutie hili jina letu." Yaliyomo humu ndiyo ninayowaambia.

Kwanza, hakikisha ni jina la kazi kweli

Majina ya ukoo ya Kiingereza yana mafungu manne makubwa. Kuna ya baba: Jones ni mwana wa John, Price ni mwana wa Rhys, la Kiwelshi. Kuna ya mahali: Hill, Wellington. Kuna ya sifa: Brown, Short. Halafu kuna ya kazi, na hayo ndiyo yetu leo: Smith mhunzi, Taylor fundi nguo, Turner mkereza mbao, Wright fundi wa kuunda vitu, hasa vya mbao.

Kuna mitego. Bishop na King kwa kawaida hayakutoka kwa maaskofu wala wafalme. Ni utani aliopewa mtu kwa mwenendo wake, au mtu aliyeigiza nafasi hiyo kwenye michezo ya sikukuu. Farmer ukilisikia utafikiri jembe, kumbe mara nyingi alikuwa mtu aliyekodi haki ya kukusanya kodi au ushuru. Marshall alianza kama mchunga farasi kabla neno halijapanda cheo. Banister alisuka vikapu. Jenner linatokana na mtu wa mitambo ya vita. Chaucer linatoka kwenye Kifaransa cha viatu na soksi. Barker nalo lina njia mbili: mtengeneza ngozi aliyetumia magamba ya miti, au mchunga kondoo. Likiwa na njia mbili, andika zote mbili kwenye daftari lako, usichague inayokupendeza.

Majina haya yalizaliwaje

Fungua orodha ya namba kwenye simu yako. Yangu ina Ali Kinyozi, Juma Stima, Juma Maji, Mama Samaki Kongowea, Baraka Mkokoteni. Hakuna aliyezaliwa na jina hilo. Nimewabandika mimi, nisije nikampigia Juma wa stima kuhusu bomba lililopasuka. Karani wa kodi Uingereza karne ya 13 alikuwa na shida hiyo hiyo, tena kubwa zaidi, kwa sababu baada ya Wanormani kuiteka nchi mwaka 1066 watu walizidi kuchota kwenye majina machache yale yale: John, William, Robert, Thomas. Kijiji kimoja kina kina John tele na kila mmoja lazima alipe chake. Akawaandika John mhunzi, John msaga unga, John wa kilimani, John wa Robert.

Hapo bado ni jina la mtu mmoja, likifa naye limekwisha. Linageuka la ukoo siku mtoto wa Ali Kinyozi anapoendesha bodaboda, hajawahi kushika mkasi, na bado watu wanamwita Kinyozi. Uingereza jambo hilo lilienda polepole. Walianza wenye mashamba makubwa, kusini ikatangulia kaskazini, na ilipofika takriban 1400 watu wengi walikuwa na jina la kurithi. Ushahidi mzuri upo kwenye orodha za kodi ya kichwa za 1377, 1379 na 1381. Katika orodha ya 1379 ya Yorkshire magharibi karani aliandika jina na pembeni kazi ya mtu, na mara nyingine unakuta vinalingana: Smith aliye mhunzi kweli. Kanuni ya kufanyia kazi ni hii: Smith ukimkuta mwaka 1379, huenda alipiga chuma mwenyewe. Ukimkuta mwaka 1700, jina halikuambii alikula kwa kazi gani.

Smith ndilo jina la ukoo lenye watu wengi kuliko yote Uingereza, na sababu yake ni nyepesi. Kila kijiji kilihitaji mhunzi wake, kwa hiyo jina lilizaliwa mahali pengi, kwa watu wasiohusiana. Anayeniambia "sisi kina Smith wote ni ndugu" namwacha na furaha yake. Jina adimu ndilo lenye faida kwa mtafutaji. Arkwright, mtengeneza makasha makubwa ya kuwekea unga, limejikusanya Lancashire; Richard Arkwright wa mashine za kusokota pamba alizaliwa huko huko, Preston, mwaka 1732. Ukiwa na jina kama hilo umeshajua wilaya ya kuanzia kabla hujafungua kitabu.

Na hapa pana utamu wenyewe: kazi ile ile ilipewa jina tofauti kila upande wa nchi. Mfano ninaoupenda ni wa wakanyaga nguo. Kitambaa cha sufu kikitoka kwenye kitanda cha mfumaji kilikuwa kimelegea, kinanuka mafuta ya kondoo. Kilitiwa kwenye hori pamoja na maji na udongo maalumu wa kunyonya mafuta, au mikojo iliyolazwa siku kadhaa mpaka ikawa kali, na mtu akaingia humo miguu mitupu akikanyaga na kukanyaga, mpaka nyuzi zishikane na kitambaa kinywee na kuwa kizito. Kisha kilitandazwa nje kwenye fremu ndefu za mbao zenye kulabu, kikavutwa kikakauka. Tangu karne ya 12 nyundo zinazoendeshwa na maji zikaanza kuchukua nafasi ya miguu, lakini majina yalikuwa yamekwisha kushika. Kusini mashariki mtu huyo aliitwa Fuller. Kaskazini na upande wa magharibi ya kati, Walker. Kusini magharibi, Devon na jirani zake, Tucker. Majina matatu, kazi moja ya kunuka. Kwa hiyo Walker hakuwa mtembezi, na ukijua ukoo wako ni wa Tucker una sababu ya kuanzia kusini magharibi, ingawa watu huhama na dokezo halina uzito wa cheti.

Angalia pia miisho. Webster ni mfumaji, Baxter ni mwoka mikate, Brewster ni mpika bia. Mwisho huo wa "-ster" hapo kale ulikuwa wa wanawake, kisha wanaume wakaingia humo pia, hasa kaskazini. Weaver na Baker ndio wenzao kwa kazi.

Mombasa yenyewe imepitiwa na majina haya kiasi kwamba ukisoma historia ya misheni utadhani umeingia soko la mafundi. Aliyekuja 1874 kuanzisha Frere Town ni William Salter Price. Salter ni mtengeneza au muuza chumvi, kazi ambayo ndugu zetu wa Gongoni wanaifanya mpaka leo. Askofu wa pili wa misheni hiyo, Henry Parker, aliyefariki 1888 kusini mwa Ziwa Victoria, jina lake ni la mlinzi wa mbuga ya bwana, ya paa wa kuwindwa. Aliyemfuata mwaka 1890 ni Alfred Tucker, na sasa unajua Tucker alikanyaga nini. Meli ndogo ya misheni iliitwa Henry Wright. Na William Taylor, yule aliyekaa Mombasa na Mwalimu Sikujua wakikusanya mashairi ya Muyaka, ana jina la fundi nguo. Na jina la Sir Bartle Frere, ambaye mtaa wetu uliitwa kwa jina lake, limetoka kwenye Kifaransa cha "ndugu", kwa maana ya mtawa, kwa hiyo ni la utani au la cheo, sisi hatulihesabu.

Karatasi za nyumbani na wazee

Kusanya kwanza vilivyo kabatini: vyeti vya kuzaliwa, vya ndoa, vya ubatizo, kipande cha zamani cha babu, kitabu cha pensheni ya reli au bandari, Biblia yenye majina yaliyoandikwa kwenye kurasa za mwanzo. Piga picha pande zote mbili. Nyuma ya cheti huwa kuna mwandiko wa mtu.

Halafu nenda kwa wazee. Usiingie na daftari mkononi kama afisa wa sensa. Toa shikamoo, kaa, kunywa chai yao. Usiulize "Bibi, jina letu maana yake nini?" kwa sababu atakutungia jibu ili usiondoke bure. Uliza vitu vyenye mlango: Babu alibatizwa kanisa gani? Aliyemsimamia alikuwa nani? Kabla ya ubatizo alikuwa akiitwaje? Alisema kwao ni wapi, au ng'ambo ya ziwa gani? Amezikwa wapi? Jina la kabla ya ubatizo ukilipata liandike vile vile anavyolitamka, hata kama hujui herufi zake. Kuna mzee wa kike hapa Kisauni alikuwa akilitamka jina la babake "Wenreti". Mjukuu alilitafuta hivyo kwenye kompyuta na hakuna lililotokea. Nilipomwambia alisome kwa sauti polepole, Wainwright likajitokeza lenyewe.

Kitabu cha ubatizo ndicho mgodi. Nenda siku ya kazi, si Jumapili, ukiwa na barua fupi inayosema wewe ni nani, unamtafuta nani na miaka ipi. Karani wa kanisa ana mambo mengi. Ukimwambia "naomba kutazama vitabu vya zamani" atakwambia rudi wiki ijayo, na wiki ijayo atakwambia hivyo hivyo. Ukimwambia "mtoto wa fulani, kati ya 1905 na 1910", atainuka. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha. Na ukikubaliwa, nakili mstari mzima, siyo jina tu: tarehe, wazazi, makazi, kazi ya baba, wasimamizi, kasisi. Soma pia kurasa mbili kabla na mbili baada. Ukiona watu kadhaa wamebatizwa siku moja, wote wazima, wote bila jina la baba, umepata habari kubwa kuliko kamusi yoyote ya majina.

Makaburi nayo yana maandishi. Mbaraki wamelala Wazungu wengi wa mji wa kale wa biashara na wa bandari, na pia wanajeshi. Hao wanajeshi unaweza kuwatafuta bure kwenye tovuti ya tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, utapata kikosi na tarehe.

Njia panda: damu au maji ya ubatizo

Karatasi zikishatandazwa mezani, jiulize swali moja kabla ya kwenda popote. Jina hili liliingia kwenye ukoo kupitia mwanamume wa Kiingereza aliyezaa, au lilitolewa kanisani? Hizi ni barabara mbili zisizokutana. Ukipita ya kwanza ilhali wewe ni wa ya pili, utatumia pesa kununua vyeti vya watu wa Leeds wasiokuhusu.

Kama ni ya damu, pengine babu alikuja na reli iliyoanza kujengwa Kilindini 1896, au alikuwa baharia, au mtu wa kampuni, basi ukishapata jina lake kamili na mwaka wa kuzaliwa hata wa kukisia, Uingereza ni nchi rahisi sana kutafutia. Sensa zao zinafunguliwa baada ya miaka 100, ya karibuni iliyo wazi ni ya 1921. Ile ya 1931 ya England na Wales iliungua moto 1942. Zenye majina ya watu wote zinaanzia 1841. Uandikishaji wa serikali wa vizazi, ndoa na vifo kule England na Wales ulianza Julai 1837. Kabla ya hapo ni vitabu vya parokia, vilivyoamriwa 1538 chini ya Henry VIII. Tovuti ya FamilySearch ni bure, ya FreeBMD ni bure. Anza hapo kabla hujaingiza namba ya kadi popote. Sensa ya 1881 itumie kuona jina lilijazana wilaya gani, maana watu walikuwa bado hawajatawanyika kama leo.

Ukirudi nyuma zaidi ya miaka hiyo kuna mashimo mawili. Kwanza, mpaka 1752 mwaka wa Kiingereza ulianza tarehe 25 Machi. Mtoto wa Februari 1700 kwenye kitabu cha zamani ni wa Februari 1701 kwa hesabu yetu, na ndiyo maana unakuta mama kazaa Novemba na "kuzikwa" Februari ya mwaka ule ule. Pili, makarani walipenda Kilatini. Smith utamkuta ameandikwa Faber, Taylor ni Cissor, Miller ni Molendinarius, Baker ni Pistor. Ukitafuta "Taylor" pekee kwenye orodha ya 1290 utasema hakuwepo, naye amekaa hapo hapo amevaa kanzu ya Kilatini. Tahajia nayo usiiamini: Taylor, Tayler, Tailour, Taillur ni wale wale, na kaka wawili wanaweza kuandikwa tofauti kwenye ukurasa mmoja.

Nembo za ukoo zinazouzwa mtandaoni, zenye simba na upanga na jina lako chini, ziache. Kwa sheria ya Uingereza nembo hupewa mtu na kurithiwa na uzao wake, haipewi jina. Wanaokuuzia wanauza picha. Mteja wangu mmoja alinunua, akaitundika sebuleni, inapendeza. Mradi asiiite ushahidi. Vipimo vya DNA vitakuonyesha binamu, kama binamu hao nao wamepima. Jina havilijui.

Waliolipata kanisani

Hii ndiyo barabara ya wengi wetu huku, na haielezwi kwenye miongozo ya Wazungu, kwa hiyo nitakaa hapa.

Chukua Jacob Wainwright. Wain ni gari zito la shambani la kukokotwa na ng'ombe, wright ni fundi, na jina ni la kaskazini na magharibi ya kati ya England. Alfred Wainwright aliyechora milima ya huko alizaliwa Blackburn, Lancashire, 1907. Jacob alikuwa Myao. Alichukuliwa utumwani akiwa mtoto, akaokolewa baharini na Waingereza, akapelekwa India na kusomeshwa huko Nasik na CMS, ile misheni ya Kianglikana iliyoanzisha Frere Town. Mwaka 1872 alikuwa miongoni mwa vijana wa Nasik waliotumwa bara kumpelekea Livingstone msaada. Livingstone alipofariki Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo, ni Jacob aliyesoma ibada pale moyo wake ulipozikwa, na ni yeye aliyechonga maandishi kwenye gome la mti. Aliandika shajara. Wenzake wakaubeba mwili mpaka Bagamoyo, naye akasafiri nao mpaka Uingereza, na tarehe 18 Aprili 1874 alikuwa mmoja wa washika jeneza Westminster Abbey. Baadaye alifanya kazi ya CMS hapa Frere Town, na alifariki Urambo mwaka 1892.

Sasa niambie, fundi magari ya ng'ombe anaingia wapi? Haingii. Ukimfuata Wainwright wa Lancashire karne ya 14 ili umpate babu wa Jacob, utazunguka mpaka uzeeke. Lakini jina halikosi kazi. Linakuelekeza kwa aliyelitoa: mmisionari, msimamizi, mfadhili. Misheni za karne ya 19 zilikuwa na desturi hiyo. Sierra Leone, wafadhili wa CMS waliochangia matunzo ya mtoto waliweza kumchagulia jina, nalo mara nyingi likawa la kwao wenyewe au la jamaa yao. Katika msafara ule ule wa Livingstone alikuwemo Carus Farrar, na Farrar ni mhunzi, jina la Yorkshire. Na Matthew Wellington, la mahali, aliyeishi miaka mingi na kufariki hapa Mombasa 1935. Shule moja, msafara mmoja, majina ya mafungu tofauti. Kilichowaunganisha kimo kwenye daftari la Nasik.

Kwa hiyo ukitafuta babu wa ubatizo, fuata taasisi, usifuate jina. Tafuta kwanza kama alipitia India, hao ndio waliokuja kuitwa Waafrika wa Bombay, kina William Jones na Ishmael Semler waliowekewa mikono 1885 na Askofu Hannington. Kama hakupita India, huenda alishushwa moja kwa moja hapa kutoka meli za Kiingereza zilizokuwa zikisaka majahazi ya watumwa. HMS London ilitia nanga Zanzibar kuanzia 1874 kwa kazi hiyo. Barua na ripoti za kukamata majahazi zimo kwenye mafaili yanayoitwa FO 84, kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, London. Hapo hutapata jina la Kizungu la babu yako, kwa kuwa alikuwa bado hajalipewa. Utapata tarehe, jahazi, idadi, pengine kabila. Tarehe hiyo ndiyo unayoilinganisha na ule ukurasa wa ubatizo wenye watu wazima wengi siku moja.

Kama wazee wanataja Rabai, hiyo ni hadithi nyingine kidogo. Huko walikimbilia watumwa watoro, na tarehe 1 Januari 1889 zaidi ya 1,400 walilipiwa uhuru wao na kampuni ya Kiingereza iliyokuwa ikitawala pwani, wakapewa hati. Uliza kama kuna hati kwenye sanduku la mtu. Rabai kuna jumba la makumbusho la Krapf, na watu wa kule wanajua nani ni wa nani kuliko kompyuta yangu.

Mafaili ya CMS yenyewe yako Chuo Kikuu cha Birmingham, kwenye maktaba ya Cadbury. Mengine ya serikali ya kikoloni yako Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, Nairobi. Birmingham waandikie barua pepe, wanajibu, lakini usiwaambie "nitumieni historia ya ukoo wangu". Wape jina la ubatizo na la ukoo kwa tahajia zote ulizokutana nazo, jina la kabla ya ubatizo kama lipo, kituo (Frere Town, Rabai au Nasik), miaka ya kukisia ikiwa na pengo lisilozidi kumi, na jina la kasisi uliyemnakili kwenye kitabu. Hilo la kasisi ndilo watu husahau, nalo ndilo muhimu, kwa kuwa barua za CMS zimepangwa kwa misheni na kwa mmisionari aliyeziandika. Ulizia pia kama kuna ripoti za shule na orodha za wafadhili za miaka hiyo. Wakikujibu kwamba kupiga nakala kuna malipo, uliza kwanza idadi ya kurasa, kisha chagua zile zenye mwaka wa ubatizo na mwaka mmoja kabla yake.